Mama Anayesema Hapatikani

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinipa kitenge na pilau, halafu mmoja wenu akaniuliza kwa heshima zote, "Hivi mama, kabla hazijaja simu za mkononi, wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nafanya kazi ya simu. Mkacheka, mkadhani natania. Nimeona niandike jibu lenyewe polepole, maana sasa muda ninao, na magoti yamegoma kwenda shambani.

Niliajiriwa kuwa opereta katika chumba kidogo nyuma ya posta ya Bariadi, wakati huo wilaya yetu ikiwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga. Ndani kulikuwa na dirisha moja, kiti kirefu, na ubao mkubwa wenye safu za matundu. Kila tundu lilikuwa mtu au ofisi: hospitali, polisi, kiwanda cha kuchambua pamba, misheni, wafanyabiashara wachache. Wote wenye simu wilaya nzima ungeweza kuwapakia kwenye basi moja na viti vikabaki. Mtu akitaka kuzungumza na Mwanza alizungusha mkono wa simu yake, kengele ikalia kwangu, nami nikachomeka waya kwenye tundu lake na mwingine kwenye laini ya Mwanza. Ndiyo kazi. Ukiieleza hivyo inaonekana hata kuku angeiweza.

Aliyenifundisha ni Bi. Veronika, mwanamke mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi mweusi na asiyependa kurudia neno. Siku ya kwanza alinivisha visikilizio akaniambia, "Leo usiunganishe kitu. Sikiliza tu." Nikasikiliza tangu asubuhi hadi saa saba. Aliponiuliza nimesikia nini, nikaanza kumsimulia kwa furaha: mhasibu wa kiwandani anagombana na shemeji yake, padri anaagiza misumari.

"Hayo ya watu yasahau," akasema. "Nimekuuliza umesikia nini kwenye waya."

Sikuwa nimesikia kitu kwenye waya. Baada ya mwezi nilikuwa nasikia. Mvua ikiwa njiani upande wa Maswa, laini ilikuwa inatatarika kama karanga kwenye kikaango. Upepo ulivuma kwa sauti nyembamba. Ng'ombe akijikuna kwenye nguzo kule Sola, sisi huku tulimsikia, tok, tok, tok, na Bi. Veronika alimsubiri amalize ndipo aunganishe watu.

Wasio na simu walikuja kupigia kwetu, kwenye kibanda cha mbao mbele ya posta. Kwanza waliandika barua kwa ndugu aliyeko mjini: Jumamosi ya wiki fulani, saa nne, uwe mahali fulani kwenye simu. Barua ikienda vizuri, Jumamosi hiyo mtu alitoka Sapiwi alfajiri kwa baiskeli, amevaa shati la kanisani, akakaa kwenye benchi letu. Simu ililipiwa kwa dakika tatu. Na Msukuma hawezi kumaliza salamu kwa dakika tatu. Nimewashuhudia watu waliosafiri asubuhi nzima kwa baiskeli wakakatiwa wakiwa bado wanaulizana habari za shangazi. Bi. Veronika alikuwa na dawa yake. Akishaunganisha alisema kwa sauti ya kiserikali, "Najaribu laini, semeni chochote niisikie." Basi wakasalimiana mpaka wakatosheka, ndipo akasema, "Laini nzuri, endeleeni," na saa ikaanza kuhesabu. Sijui makao makuu wangesemaje. Hawakuwahi kuuliza, nasi hatukuwa wachongezi.

Jambo gumu lilikuwa misiba. Mnajua desturi: kifo hakirushwi tu kama salamu. Anatumwa mtu, anafika, anaketi, anapewa maji, na anayeambiwa anakuwa ameketi pia, na kuna wa kumshika. Sasa waya hauna mtu wa kumtuma. Kwa hiyo aliyepiga alisema, "Mwambieni aje, baba hajisikii vizuri," na kila mtu akaelewa kadiri alivyotaka kuelewa.

Mwalimu mmoja wa kike aliyefundisha shule ya jirani aliitwa kwenye simu na kaka yake aliyekuwa Mwanza. Kabla sijamwunganisha, yule kaka aliniambia mimi, akilia, kwamba mama yao amefariki. Kwa dada yake akasema mama anaumwa, aje haraka. Mwalimu alipotoka kibandani akaja mpaka dirishani kwangu. "Dada, wewe umesikia. Darasa langu la saba wana mtihani kesho kutwa. Niambie kweli, mama yuko hai? Kama anaumwa tu nitasimamia mtihani kwanza."

Nikamwambia, "Mimi naunganisha tu, mwalimu."

Akabaki kusimamia mtihani. Alipofika Mwanza walikuwa wameshazika. Hakunigombeza. Alipita posta siku nyingine kununua stempu, akanisalimia vizuri kabisa, na salamu ile ndiyo iliyoniuma. Nilimuuliza Bi. Veronika ningefanya nini. Akafikiri, akasafisha miwani, akafikiri tena. "Ningekuwa mimi ningesema kama ulivyosema," akajibu. "Na nisingelala, kama wewe." Hiyo ndiyo nasaha pekee aliyowahi kunipa ambayo haikunionyesha la kufanya.

Kisha ikaja miaka ya ruksa na mageuzi. Posta ikaenda kwake na simu ikaenda kwake. Ukasimikwa mtambo uliounganisha simu wenyewe, ubao wetu ukahamishiwa stoo, Bi. Veronika akapewa barua ya kustaafu na akaenda kufuga kuku wa mayai. Mimi nilipunguzwa kazini baadaye kidogo. Nikauza vitenge sokoni. Nilikuwa muuzaji mbaya, kwa sababu nilipenda kusikiliza kuliko kupunguza bei.

Kampuni ya simu za mkononi ilipokuja kusimamisha mnara, walihitaji mtu anayejua Kisukuma na anayejua nani ni nani katika vijiji. Mtu akawaelekeza kwenye meza yangu ya vitenge. Ndiyo nikarudi kwenye simu, safari hii bila waya hata mmoja.

Miaka ile ya mwanzo ndiyo niliyoipenda kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyejua simu hii itatufanya nini, nasi kampuni tulijua kidogo kuliko wote. Mtandao haukufika kila mahali. Sapiwi kulikuwa na jiwe moja kubwa ambalo ukisimama juu yake unaongea na Dar es Salaam, ukishuka huongei hata na jirani. Watu walipanga foleni kulipanda, na waliokuwa chini walisikia kila kitu, kwa hiyo mapenzi yakawa magumu. Nyumba nyingine simu ilitundikwa kwenye msumari ulipo mtandao, ikakaa hapo kama saa ya ukutani, na ikilia mwenye nyumba alikwenda kuweka sikio bila kuishusha. Mzee mmoja hakupokea simu bila kuvua kofia. Mama mmoja asiyejua kusoma aliniomba nimwekee alama badala ya majina: nyota moja binti yake, nyota mbili dada yake, na mume wake akampa reli, ile alama ya vijiti vilivyokatana, nami sikumuuliza sababu.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni swali. Enzi za ubao hakuna aliyeuliza "uko wapi?" Simu ya misheni iko misheni. Sasa likawa neno la kwanza, kabla hata ya shikamoo. Na swali jipya likazaa uongo mpya. Nilimsikia mtu akisema kwa utulivu mkubwa, "Niko Lamadi, nasubiri gari," na huku amesimama mbele ya kaunta yangu Bariadi, ananipungia mkono nimpe vocha.

Sasa niwaeleze habari ya Mayu Minza, mayu kwa Kisukuma ni mama, ambayo ndiyo niliyotaka kuifikia tangu mwanzo.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Pamba ilikauka ikiwa imefika magotini, mabwawa yakabaki tope. Wafugaji wengi walihamisha ng'ombe kwenda upande wa ziwa. Asubuhi moja aliingia ofisini mama mtu mzima, mwembamba, mwenye kanga mbili na miguu yenye vumbi mpaka kwenye goti, akiongozana na shemeji yake, Mzee Sida, mmoja wa wanamhala wa kijiji chao, yaani wazee wa baraza. Walikuwa wametembea tangu usiku kutoka Sapiwi. Niliwapa benchi na maji. Tukasalimiana kama inavyopasa. Ndipo Mzee Sida akasema shida yao.

"Tumekuja kumwona yule mama."

"Mama yupi, baba?"

"Yule wa kwenye simu. Anayesema Limbu hapatikani."

Vijana wawili, wenzenu wa wakati ule, wakainamisha vichwa nyuma ya kaunta ili wasicheke. Limbu alikuwa mtoto wa mwisho wa Mayu Minza, aliyekwenda Kalemela, kando ya ziwa, na ng'ombe wa ukoo, naye ndiye aliyemwachia mama yake simu na kumfundisha kubonyeza. Wiki mbili alikuwa anapatikana. Halafu siku tisa mfululizo sauti ya mwanamke ikawa inajibu badala yake, kwa Kiswahili kizuri cha mbali, kwamba mteja hapatikani.

"Mteja ni Limbu," Mayu Minza akasema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulifikiria neno hilo siku nyingi. "Mtoto wa jirani alinieleza. Basi nataka kumuuliza huyo mama. Alimtafuta wapi? Alifika ziwani, au aliuliza tu njiani akarudi?"

Hapo hata wale vijana hawakutaka kucheka tena.

Ningeweza kuwaambia kwamba ile ni sauti iliyorekodiwa, kwamba pengine betri imeisha, kisha nikawapa nauli ya baiskeli na siku ikaendelea. Nilianza kusema hivyo. Lakini Mzee Sida akaniambia kwamba nyumbani watu wamekwisha kuanza kuja kukaa. Wakwe wameleta unga. Mke wa Limbu hali chakula. Mganga mmoja amesema anaona maji. Walikuwa wamebakiza hatua moja tu waanze kumlilia mtu ambaye hakuna aliyejua kama amekufa, kwa sababu mashine yetu ilikuwa imesema neno ambalo, ukiliangalia vizuri, ni neno la kutisha sana.

Nikamwambia Mayu Minza, "Huyo mama hakumtafuta. Kazi yake ni kusema tu. Ngoja mimi nimtafute."

Nikafanya alivyonifundisha Bi. Veronika: unamfuata mtu kwa watu. Nilimpigia wakala wetu wa vocha wa Lamadi. Akanipa namba ya mwenye mashine ya kusaga Kalemela. Mwenye mashine hakumjua Limbu, lakini alijua wanakochungia watu waliotoka upande wetu, na karibu na hapo kulikuwa na mama muuza dagaa, Esta, mwenye simu. Esta akasema, "Wasukuma wa Bariadi? Wapo. Mmoja hasemi na mtu. Ngoja nikamwone." Tukasubiri. Mayu Minza hakuondoa macho usoni pangu. Nilijifunza siku ile kwamba kuongea na simu ukiwa umetazamwa na mama wa mtu ni kazi ngumu kuliko ubao wote.

Baada ya saa nzima Esta akapiga. Akampa simu mtu. Nikasikia pumzi.

"Limbu?"

"Ndiyo."

"Uko mzima?"

"Mzima."

"Mama yako yuko hapa, mbele yangu. Wanakaribia kukaa matanga yako. Simu yako ina nini?"

"Niliizima," akasema.

Halafu akanieleza, kwa haraka na kwa sauti ya chini. Alikwenda na ng'ombe arobaini na moja. Walianza kuanguka wiki ya kwanza. Kila jioni mama yake alipiga, na kila jioni, kwa kuwa kwetu huwezi kumsalimia mchungaji bila kuuliza mifugo, alimuuliza, ng'ombe hawajambo? Siku ya kwanza alijibu hawajambo, wakati wawili wamelala chini. Siku ya pili akajibu hivyo hivyo. "Dada, baba alikwenda na ng'ombe miezi minne, nikiwa mdogo. Hakuna aliyemuuliza kitu mpaka aliporudi akaketi. Mimi naulizwa kila jioni. Kusema uongo nimechoka, na kweli siwezi kumwambia kwenye kitu hiki, amesimama peke yake juu ya jiwe. Wamebaki sita. Usimwambie."

Nilikuwa nimesikia tena kitu kisicho changu. Nikaziba simu kwa kiganja na kumtazama Mayu Minza. Sikusema naunganisha tu. Wala sikumwambia habari za ng'ombe. Nilisema, "Mayu, yuko hai, ana afya. Lakini ana jambo zito, na anaona aibu kulisema."

Akanyoosha mkono, nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili.

Akamsalimia mwanawe tangu mwanzo. Akamuuliza alivyoamka, anakolala, chakula, maji ya huko, kifua chake kilichokuwa na kikohozi, wenyeji wake, Esta mwenye simu. Salamu ikafika mahali pake, mahali ambapo kila mtu chumbani, hata wale vijana wa kaunta, alijua neno linalofuata. Nikaona mdomo wa Mayu Minza ukijiandaa, kisha ukaacha.

"Ng'wanawane," akasema, mwanangu, "nimekuuliza wewe tu. Rudi nyumbani."

Akanirudishia simu. Mzee Sida akageuka akatazama barabarani, na nadhani yeye naye alikuwa ameelewa.

Walipoondoka, Mayu Minza alisimama mlangoni akasema, "Na yule mama mwambie asisumbuke tena." Nikamwahidi. Niliwaandikia wakubwa Dar es Salaam nikipendekeza sauti ile iseme tu kwamba simu imezimwa au iko mbali na mtandao, kwa sababu kwetu kusema mtu hapatikani ni kutangaza jambo. Walinijibu kwa barua nzuri ya kunishukuru kwa maoni. Yule mama anaendelea kusema hapatikani mpaka leo.

Limbu alirudi kwa miguu, siku kadhaa, akiwaswaga wale sita polepole. Mayu Minza alimtuma mtu kunialika, nikaenda Jumamosi kwa baiskeli ya kukodi. Nilifika mchana wakati anaingia. Watu walikuwa wengi, walewale waliokuja na unga wa matanga, sasa wameupika ugali wa kumpokea. Hakuna aliyesema kitu kuhusu ng'ombe. Aliwaingiza zizini, zizi lililojengwa kwa ajili ya arobaini, wakasimama kwenye kona moja kama wageni.

Mama yake akampa kigoda. Akaketi. Akapewa maji, akanywa. Mayu Minza akaenda kuegemea miti ya zizi, akawatazama wale sita, mmoja mmoja, kwa muda. Kisha, bila kugeuka, akataja jina. Lilikuwa jina la ng'ombe ambaye hakuwepo, jike jeusi lenye paji jeupe.

"Alianguka kabla ya Lamadi," Limbu akajibu. "Njiani. Nilimkalia mpaka akaisha."

Akataja jingine.

"Huyo ni Kalemela, siku ya kwanza. Hakufika majini."

Akataja jingine, na jingine. Alikuwa anawajua wote, na ukoo wa kila mmoja, nani alitoka kwenye mahari ya binti gani, nani alizaliwa mwaka wa mvua nyingi. Na Limbu, aliyeshindwa kusema neno moja kwenye simu, alimjibu kwa kila jina mahali alipoanguka na jinsi alivyoanguka, wala sauti yake haikukatika. Mke wake alikuja akaketi chini karibu na kigoda. Mzee Sida alivua kofia. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu walikuwa thelathini na watano, na hakuna aliyewaharakisha.

Jina la mwisho lilipojibiwa, Mayu Minza alifuta macho kwa pindo la kanga, akafunga mlango wa zizi kwa miti miwili, akamgeukia mwanawe.

"Haya," akasema. "Sasa nimejua. Ingia ndani ule."